Nilivyodai fidia kwa mwajiri na kwa mwenye lori baada ya kuumia kazini Pemba

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu saruji na mabati yanayoshushwa, kuyaandika kwenye daftari na kutia saini hati ya mzigo. Asubuhi moja nilisimama langoni nikilinganisha namba ya lori na hati iliyotoka bandarini Mkoani. Lori lile halikuwa la mwajiri wangu. Lilikuwa la mtu wa Wete aliyekodiwa na muuzaji wa saruji. Dereva alirudi nyuma bila utingo wa kumwongoza, akanibana mguu wa kulia kwenye nguzo ya lango. Muundi ulivunjika mahali pawili, na vidole viwili vya mguu vilikatwa baada ya kufikishwa Hospitali ya Abdalla Mzee.

Maumivu yalikuwa makali, lakini kilichonitaabisha zaidi katika miezi iliyofuata ni maneno ya watu wawili. Tajiri wangu alisema, "Aliyekuumiza ni mwenye gari, kamdai yeye." Mwenye gari naye akasema, "Wewe umeumia katika kazi ya watu, tajiri wako ndiye wa kukulipa." Kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli, na mimi nilikaribia kuamini kwamba sina haki kwa yeyote kati yao.

Binamu yangu aliyeko Dar es Salaam alinipigia simu akanihimiza nijaze fomu za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Alikuwa na nia njema, lakini mfuko ule uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya Tanzania Bara na unahudumia wafanyakazi wa huko. Mambo ya kazi si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria yake ya fidia, Sheria Namba 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Nalitaja hili kwa mkazo kwa sababu nilipoteza karibu wiki tatu nikifuata maelekezo yasiyonihusu, na nimekwishakutana na wenzangu waliopotea njia hiyo hiyo.

Aliyenifungua macho ni afisa wa kazi hapa Pemba. Alinieleza kwa utulivu kwamba nina madai mawili yenye misingi tofauti. Dai la kwanza ni la fidia kwa mwajiri, na msingi wake ni kwamba nimeumia nikiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hapo sihitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa, na yeye hawezi kujitoa kwa kusema kwamba gari si lake. Dai la pili ni kwa mwenye gari, na hilo linasimama juu ya uzembe wa dereva, kwa hiyo lazima uzembe huo uthibitishwe. Alinionya pia kwamba madhara yale yale hayalipwi mara mbili: alichokwisha kunilipa mwajiri, mwajiri mwenyewe ana njia ya kukidai kwa aliyesababisha ajali. Nilipomwambia tajiri wangu jambo hili la mwisho, ndipo kwa mara ya kwanza alipoketi kunisikiliza.

Hata hivyo ilibidi kwanza nithibitishe kwamba mimi ni mfanyakazi wake, kwa kuwa sikuwa na mkataba wa maandishi, na hesabu zake zilinionyesha kama kibarua wa siku. Nilikusanya ujumbe wa simu wa malipo ya EzyPesa niliyokuwa nikipokea kila mwisho wa mwezi kwa muda wa miaka miwili, pamoja na nakala za hati za mzigo zenye saini yangu, ikiwemo ile ya siku ya ajali. Mpokeaji mzigo wa ghala hawezi kuwa mpita njia. Afisa wa kazi alipoziona nyaraka hizo, hoja ya ukibarua haikurudi tena mezani.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na siku moja ambayo nusura iniharibie kila kitu. Nikiwa bado kitandani, mtu alitumwa kuniletea shilingi laki tatu pamoja na karatasi ya kutia saini. Ami yangu, mtu ninayemheshimu sana, alikuwepo, akaniambia, "Mwanangu, tia saini, hawa ni watu wetu, tusije tukaoneana ubaya." Sisi huku tunaoneana muhali, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kalamu. Dada yangu, ambaye ni mwalimu wa skuli, aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti mpaka mwisho. Iliandikwa kwamba nimeridhika na sina dai lolote, sasa wala baadaye, dhidi ya mwajiri, mwenye gari au mtu mwingine yeyote. Dada alimgeukia ami akamwambia, "Ami, fedha tutapokea kwa shukrani, lakini maneno haya yanamfunga kaka maisha yake yote." Tuliandika upya kwa mkono kwamba nimepokea laki tatu kwa ajili ya matibabu na kwamba haki ya kudai fidia inabaki. Ami alisaini kama shahidi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Dai la mwenye gari lilikwenda kupitia bima yake. Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kinalazimika kuwa angalau na bima ya mtu wa tatu, yaani ile inayowalipa watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho, na lori lile lilikuwa nayo. Mwenzangu wa ghalani alikuwa ameipiga picha stika yake siku ile ile. Swali lililochukua muda mrefu ni mahali pa ajali. Kampuni ya bima ilidai kwamba niliumia ndani ya uwanja wa mtu binafsi, si barabarani, na kwamba kwa hiyo bima hiyo ya lazima hainihusu. Kilichoniokoa ni mchoro wa askari wa usalama barabarani, ulioonyesha kwamba magurudumu ya mbele ya lori yalikuwa bado juu ya lami na kwamba nguzo iliyonibana iko ukingoni mwa barabara. Mchoro ule ulichorwa gari likiwa halijaondolewa, kwa sababu wenzangu walikataa lisogezwe baada ya mimi kutolewa. Lingesogezwa hatua kumi tu, nisingekuwa na la kujibu.

Daktari alisubiri mpaka mfupa ulipounga ndipo akapima ulemavu wa kudumu. Nilikuwa na haraka ya kupimwa mapema nikiwa na shida ya fedha, lakini alinikatalia, akisema kwamba kidonda kibichi hakionyeshi hasara halisi. Alikuwa sahihi, kwani kifundo kilikakamaa baadaye na asilimia aliyoandika ilizidi ile niliyotarajia.

Mwajiri alilipa gharama za matibabu, sehemu ya mshahara kwa wiki 22 nilizokaa nyumbani, na fidia ya ulemavu kwa mafungu mawili. Bima ililipa miezi minane baada ya hapo. Mbele ya afisa wa kazi tuliandikiana hesabu: kiasi alichokwisha kutoa mwajiri kilirejeshwa kwake kutoka katika malipo ya bima, na kilichobaki, cha maumivu na cha kupungukiwa uwezo wa kufanya kazi, kikawa changu. Nilikitumia kumalizia paa la nyumba na kununua pikipiki ya magurudumu matatu, kwa kuwa ile ya magurudumu mawili mguu wangu hauimudu tena.