Nilivyofuatilia nisba ya Mazrui, kutoka Rustaq hadi Gazi na Takaungu

Kabla ya kuuliza mtu yeyote nilianza na herufi. Kwa Kiarabu nisba hii ya Mazrui, yaani jina la ukoo, ina mim, ze, re, wau, ain na ye. Ile ain ndiyo ya kushikilia, na ndiyo inayopotea kwanza, maana Kiswahili hakina sauti yake. Mombasa huandikwa Mazrui, Oman utakuta Al Mazrui au Al Mazroui, Falme za Kiarabu ni Al Mazrouei. Ukoo mzima kwa wingi huitwa Mazari, kwa hiyo anayetafuta jina la umoja peke yake huyapita maandiko mengi bila kujua. Jina la mchezaji wa soka wa Morocco, Noussair Mazraoui, halina ain. Lile ni jina jingine kabisa, na programu za kutafuta majina hulichanganya humo.

Daftari langu lina safu sita: jina kamili kama lilivyoandikwa, herufi zake za Kiarabu, mahali, mwaka wa Hijria, mwaka wa Miladia, na nilipolipata. Usisahihishe tahajia katika safu ya kwanza, hata ukiona ni kosa la karani.

Miaka ndiyo iliyonila muda mwingi. Kupata Miladia kwa kukadiria, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1253 inakupa 1837, mwaka ambao Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliitwaa Mombasa mikononi mwa Wamazrui. Hatari ni kwamba tano ya Kiarabu ni kiduara, na sifuri ni nukta. Mtu aliyezoea tarakimu za Kizungu huisoma 1253 kuwa 1203, akarudi nyuma karibu nusu karne. Nukta nayo juu ya jiwe la kaburi hufanana na shimo la chumvi. Nilipiga picha asubuhi, jua likiwa chini upande mmoja. Adhuhuri nilitumia kioo kutupa mwanga wa ubavuni. Chaki na brashi ngumu sikugusa, kwa sababu chokaa hubanduka pamoja na herufi.

Jina la baba halitoshi. Katika vita vya 1895 na 1896 dhidi ya Waingereza walikuwako akina Mbaruk wawili, wote bin Rashid, mmoja wa Gazi na mmoja wa Takaungu, na barua za maofisa wakati mwingine hutaja "Mbaruk" tu. Nikaweka sharti: bila babu, au bila mji, jina haliingii kwenye mti wa ukoo.

Mji wenyewe una sababu. Asili ya Wamazrui wa Mombasa ni Rustaq, Oman. Wareno walipoondolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, Mombasa iliingia mikononi mwa Waomani, na katika karne iliyofuata Wamazrui wakawa maliwali, yaani magavana wake. Baada ya 1837 waliobaki waligawanyika, wengine kusini Gazi, wengine kaskazini Takaungu. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mzee, baada ya salamu, lilikuwa "Nyinyi ni wa Gazi au wa Takaungu?" Jibu hilo hukata kazi nusu. Kwa Takaungu fuata pia karatasi za ardhi, kwani wakf wao uliwekewa sheria yake mwaka 1914, ikafutwa 1989. Kwa Gazi vuka mpaka: Mbaruk alikimbilia upande wa Wajerumani mwaka 1896, akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

Ramani za mtandaoni za kuenea kwa majina nilizitumia kwa tahadhari kubwa. Kwenye kitambulisho cha Kenya wengi huandika jina lao, la baba na la babu, na nisba ikaachwa; hesabu huwa ndogo kuliko watu. Oman, kinyume chake, kabila huandikwa, na humo wamo waliozaliwa Zanzibar wakahama baada ya 1964, au walioitikia mwito wa Sultani Qaboos wa kurudi baada ya 1970. Mahali pa kazi na pa kuzikwa viwekwe mbali: Profesa Ali Mazrui alifundisha Michigan na Binghamton, lakini mwaka 2014 alizikwa makaburi ya ukoo, karibu na Ngome ya Yesu.

Safu ya saba niliiongeza baadaye: namna nisba ilivyopatikana. Pwani, watumwa walioachwa huru waliweza kubaki na jina la ukoo wa bwana wao, na vizazi vyao wanalibeba kwa haki. Humo naandika "kuzaliwa" au "kuungwa" pale tu wenyewe waliposema.