Mlango wa Kilpeck

"Mlango mzima nimeshauona," Baba alisema kwenye simu. "Sogeza karibu, nione patasi ilivyopita."

Ilikuwa Novemba 2019. Nilisimama nje ya kanisa la parokia la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Daudi, kijijini Kilpeck, magharibi mwa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Dada ndiye aliyenipeleka kwa gari kutoka Hereford. Sote tumelelewa kwenye vumbi la mbao. Baba ni fundi wa milango ya nakshi Lamu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ubao.

Kanisa lenyewe ni dogo, la mawe mekundu, halina mnara, na upande wa madhabahu ukuta umejipinda nusu duara. Lilijengwa yapata mwaka 1140, enzi za Wanormandi, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, kando ya ngome ambayo leo imebaki kilima na vipande vya ukuta. Chini ya ukingo wa paa vimetokeza vinyago vya mawe 85. Kuna mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, na nilipowaona nilitaka kumwita kila mtu aje awatazame.

Lakini Baba alitaka mlango. Nikapeleka simu kwenye miimo. Nyoka amemmeza mwenzake mkia, naye kamezwa wake, hivyo hivyo kutoka juu hadi chini. Kwenye nguzo ya kushoto askari wawili wamenasa katikati ya mizabibu, na mikunjo ya nguo zao bado inaonekana, mstari kwa mstari, baada ya karibu miaka 900 ya mvua.

"Tulia hapo hapo," akasema. Nikamsikia akivuta pumzi. "Hakuharakishwa huyu. Nani fundi?"

"Hakuna anayelijua jina lake, Baba. Linalojulikana ni la bwana wa ngome, Hugh."

Akanyamaza kitambo. Baba amechonga milango tangu ujana wake, na kwenye nyumba zile watu hutaja jina la mwenye nyumba.

"Haya, nishushe kwa nyoka wa mwisho, karibu na kizingiti. Huko ndiko fundi huchoka. Nataka nione kama alichoka."

"Chaji inakwisha, Baba."

"Basi piga magoti, mwanangu, upesi."

Nikapiga magoti kwenye jiwe la baridi. Hakuwa amechoka.