Kanzu kumi na mbili kwenda Bagamoyo

Tangu mwanangu Baraka afariki, mtaani kwetu Tandika hawajui waniiteje. Wapo walioendelea na Mama Baraka, ila wakishatamka tu wanajishika mdomo. Wengine wakaona heri wahamie kwa mdogo wake, ghafla nikawa Mama Neema, kama mtu aliyebadilishiwa kitambulisho bila kuulizwa. Sikumgombeza mtu. Ila usiku nililihesabu jina langu kuwa kitu cha pili nilichonyang'anywa.

Baraka alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenye mtoto wa hivyo wanajua maisha yake: kidonge cha foliki kila siku, maji mengi, sweta mvua ikinyesha hata kama ni Dar, na zile simu za saa nane usiku kwa ndugu kuuliza nani anaweza kuja kuchangia damu. Tulikwenda hivyo miaka 19. Kilichomchukua ni kifua, siku tatu tu. Cherehani ya umeme niliyoikopea nikaiuza nilipe madeni, nikarudi kwenye ile ya kukanyaga.

Kanisani nikaacha kwenda. Mimi ni Mlutheri wa Upareni, nimekulia kwenye kwaya, na msibani walinisomea Ayubu mpaka nikachoka. Lakini nilikuwa na hesabu yangu na Mungu, nayo ilikuwa hesabu ya kikoba. Nimeweka hisa miaka 19, sijakosa hata wiki moja, na siku niliyokwenda kukopa mara moja tu naambiwa sanduku tupu. Nani angerudi kwenye kikao?

Kilichonitoa nyumbani ni kazi. Mama mmoja wa Bagamoyo aliniletea oda ya kanzu 12 za watoto wanaotumikia misa, vipimo vimeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mstari wa tisa haukuwa na namba, umeandikwa "mvulana, mwembamba" basi. Simu yake haikupatikana siku mbili. Nikachukua futi kamba na chaki, nikakata kwa vipimo vilivyokuwa kichwani: bega inchi 15, mkono inchi 21. Nilipokuwa napiga pasi ndipo nilipotambua vile vipimo ni vya nani. Watoto wa selimundu huchelewa kukua. Baraka wa miaka 19 alivaa nguo za mvulana wa miaka 14. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya furushi.

Jumamosi nikapanda basi Makumbusho. Konda akataka mzigo uende kwenye buti. Nikamwambia nimeupiga pasi usiku kucha, hauendi huko. "Basi mama, ulipie siti yake." Nikalipa, abiria wakacheka. Tegeta, Bunju, tukavuka Mto Mpiji, ukaanza mkoa wa Pwani na minazi yake. Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Kama kilomita 70 tu hivi, na sikuwahi kufika. Sisi wa Dar Bagamoyo tunaijua kwa mabango.

Misheni unaingilia njia ya miembe mikubwa, ya karne ya 19. Yule mama akanipigia: watoto watakuja saa tisa kwenye mazoezi. Nami nimefika saa nne na nusu. Nikawa sina la kufanya ila kutembea, nikaingia makumbusho, nikapokewa na mzee mmoja wa makamo ya baba yangu.

Akanieleza kuwa mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868 kutoka Zanzibar, na kwamba watu wa kwanza wa misheni hii walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa kwa fedha kwenye soko la watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikaja kikaangusha karibu kila walichojenga. Wakaanza upya.

Kwenye kabati kuna minyororo. Nilijua nitaiona, kila mtu anaisema, ila sikujitayarisha kwa pingu ndogo. Chuma cha mkono mwembamba. Mimi kazi yangu ni kupima mikono ya watu. Niliangalia nikajua umri. Mama wa mtoto yule alibaki bara huko, hakujua mwanawe alivukishwa, alikufa, au aliitwa jina gani baadaye. Mimi la mwanangu nalijua kaburi. Nimelipalilia. Sisemi kwamba uchungu ulipungua, uchungu hauna mizani, lakini nilijiona nimesimama kwenye foleni ndefu ambayo kwa muda wote nilidhani niko peke yangu.

"Baba, eti Bagamoyo maana yake bwaga moyo?"

"Ndivyo wanavyosema," akajibu. "Wapagazi walikuwa wanatua mizigo hapa, moyo unapoa. Wengine wanasema ni watumwa, wanauacha moyo huku kabla ya jahazi. Wewe utachagua mwenyewe."

Akanipeleka kwenye mnara wa kanisa la zamani. Februari 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo. Shuleni tulimsoma yeye, waliombeba walipita mstari mmoja. Alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Moyo wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala za maziko, halafu wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa vitambaa na magome ya mti, na Abdullah Susi na James Chuma wakaongoza safari ya miguu ya zaidi ya kilomita 1,500 mpaka hapa. Mimi kama fundi nilibaki nawaza ule ufungaji: mikono gani ile, iliyofunga maiti ikastahimili miezi yote hiyo. Susi mwenyewe alikuja kubatizwa mwaka 1886, miaka 12 baada ya kuutua mzigo ule.

Makaburi ya wamisionari yako nyuma kidogo, chini ya miti, misalaba ya kufanana. Nikaanza kusoma miaka, kutoa wa kuzaliwa kwenye wa kufa. Wengi ni vijana. Homa ziliwaua, wengine hata lugha hawajaizoea.

"Na hawa nao waliomba?" nikamuuliza mzee. Nilimaanisha kwa ubishi.

Akacheka kidogo. "Waliomba kuliko mimi na wewe, mwanangu."

Kisha akaniacha. Nadhani amezoea kuona watu wakibaki pale.

Nilikaa kwenye ukingo wa saruji, furushi magotini. Hawa hawakuwa wamekosa hisa hata moja. Na mwenye kikoba chenyewe, nikawaza, Mwanawe alifia msalabani akilia kwamba ameachwa. Jambo hilo nimeliimba Ijumaa Kuu zote za maisha yangu, na sijawahi kulisikia. Niliongea. Haikuwa sala nzuri, ilianza kwa lawama na ikaishia nikimsimulia Mungu jinsi Baraka alivyopenda maandazi ya moto yanayounguza ulimi, kana kwamba hajui. Mwaka mzima sikuwa nimemsemesha. (Jumapili iliyofuata nilikwenda ibada ya kwanza, nikakaa karibu na mlango. Nilitoka katikati. Jumapili ya pili nilibaki mpaka baraka ya mwisho.)

Saa tisa watoto wakaja wakipiga kelele. Kanzu ya chini kabisa akaivaa mvulana mmoja, magoti yamechubuka. Bega limekaa, mkono umefika palepale kwenye kifundo. Nilitafuta kosa la kurekebisha, sikulipata.

"Nikuandike nani kwenye daftari?" yule mama akauliza akihesabu pesa.

"Andika Mama Baraka."

Jioni basi lilijaa. Kando yangu alikaa mama mtu mzima wa baibui, na ndoo ya samaki kutoka sokoni kwao ufukweni, kifuniko kikivujisha maji kwenye viatu vyangu. Akaniomba radhi, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma, kisha akauliza lile swali ambalo kwa mwaka mzima nilikuwa nashuka kituo kabla halijafika.

"Una watoto wangapi, mwanangu?"

"Wawili, mama. Wa kwanza Baraka, ametangulia."

"Pole. Mola amrehemu." Akaisogeza ndoo kwa mguu. "Alikuwaje?"

Nilipomaliza kumweleza tulikuwa tumeshapita Bunju, na viatu vyangu vinanuka vibua.