Ngalawa ya Tengo Moja

Mwezi Machi 2016 tulikodi ukumbi mdogo Upanga, Dar es Salaam, wachoraji saba, kila mmoja akiwa na kazi za aina ambayo watu huitazama wakiwa wameinama: katuni za magazetini, majalada ya vitabu, michoro ya hadithi za watoto. Nia yetu ilikuwa kuzitundika ukutani ili safari hii zitazamwe na watu waliosimama.

Kutundika kulichukua siku nzima. Nilikuwa nimezoea maonyesho ya kituo cha sanaa cha Nafasi kule Mikocheni, ambako studio za wasanii zimo ndani ya makontena na turubai kubwa huonekana tangu mlangoni. Michoro yangu, kila mmoja sawa na karatasi ya A4, ilimezwa na ukuta mweupe. Tuliishusha, tukaisogeza karibukaribu, tukavuta uzi na kuweka pimamaji mpaka katikati ya kila fremu ikawa sentimita 150 kutoka sakafuni. Unyevu wa Machi ulikuwa tayari umeivimbisha karatasi nyuma ya vioo. Fundi wa fremu alikuwa amenishauri niache mwanya kati ya kioo na karatasi, nami nikampuuza kwa sababu ya bei.

Mzee aliyetunza ukumbi ndiye aliyetushikia ngazi. Saa tisa alasiri alisimama mbele ya mchoro nilioupenda kuliko yote: ngalawa ikirudi Feri alfajiri, tanga limejaa upepo.

"Mwanangu," aliniambia, "hawa watu wa ngalawani watakufa maji."

Nilimwuliza kwa nini.

"Ina tengo moja. Ngalawa ina matengo mawili, huku na huku. Hii ikikutana na kusi, inalala."

Tengo ni ule ubao unaoelea ubavuni mwa chombo, unaokizuia kisipinduke. Mzee alikuwa amevua samaki Msasani kwa miaka mingi kabla ya kuja mjini kushika ufagio. Nilitazama, nikaona aibu. Nilikuwa nimenakili kutoka intaneti picha ya mtumbwi wa visiwa vya Pasifiki, ambako tengo moja ni jambo la kawaida, kisha nikauvika tanga letu na kuuandika jina la Kiswahili ubavuni. Mimi ni mtoto wa Temeke, na nimevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni mara nisizoweza kuhesabu, ngalawa zikipita pembeni. Kitabu nilichokichorea mchoro ule kilikwisha kuchapwa. Mwandishi alikuwa ameupitia mchoro ule, mhariri ameupitia, na hakuna aliyesema neno.

Nilimfikiria Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, na ambaye jina lake limefungamana na Morogoro Stores, Oysterbay, mahali pa kupita watu. Sidhani kama kuna aliyemdai chui wake wafanane na chui wa porini. Lakini mimi nilikuwa nimechora kitabu cha watoto wa shule, tena nimejifungia chumbani na kompyuta.

Wenzangu walinishauri niushushe. Badala yake niliketi sakafuni, nikageuza bango moja lililobaki, nikachora kwa penseli ngalawa nyingine huku mzee akinielekeza: mirengu, ile miti inayoshika matengo, ipite wapi, matengo yakae umbali gani na maji, mkia wa tanga ufungwe wapi. Alininyang'anya penseli mara mbili. Saa kumi na mbili jioni, wageni walipoanza kuingia, karatasi hiyo ilikuwa imebandikwa kwa gundi kando ya fremu, bila kioo, na alama za vidole vyetu wote wawili.

Watu walisimama hapo kuliko mahali pengine popote upande wangu. Mama mmoja alimwinua mwanawe ahesabu matengo, kwanza ndani ya fremu, kisha kwenye karatasi. Niliuza michoro miwili usiku ule, yote ya maembe.

Siku ya kubandua kazi zetu nilimpa mzee ile karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaitazama kitambo, akaniambia kwamba kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, nayo nilikuwa nimeifunga visivyo.