Siku moja maishani mwangu: namba za Forester ya jamaa

Saa 12:30 asubuhi. Forester ya Subaru yenye turbo, muundo wa SG5 wa gia za mkono, imelala gerejini kwangu Industrial Area, Nairobi. Nimeilaza makusudi. Gari likiletwa limeshachemka, nusu ya ugonjwa huwa umejificha. Nachomeka chini ya usukani waya wa Tactrix unaounganisha gari na laptopu, nafungua RomRaider, programu ya kusoma kompyuta ya gari, nawasha. Mwanzoni kompyuta ya gari haisikilizi sensa ya oksijeni. Inamwaga mafuta kwa ramani peke yake, yaani jedwali la namba lililopangwa ndani yake. Sensa ikishapata moto ndipo inaanza kujisahihisha, na namba ninazozitaka zinaanza kutembea.

Mteja ameshaamka naye. "Fundi, leo tunatoa farasi ngapi?" Namwandikia asubiri kwanza.

Saa 1:15. Namba ninazozitazama ni mbili. Ni trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Trimu ya muda mfupi hupanda na kushuka muda wote, kompyuta ikifukuzia lambda 1, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Trimu ya muda mrefu ni kumbukumbu ya yale ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Kwenye Forester hii, injini ikinguruma bila kukanyagwa, inasoma +14. Nikiishikilia kwenye mizunguko 2,500 inashuka hadi +3.

Hapo nusu ya kazi imeshafanyika, hata boneti sijafungua. Pampu ya mafuta ingekuwa imechoka, upungufu ungezidi kadiri unavyokanyaga. Sensa inayopima hewa inayoingia ingekuwa chafu, ingedanganya karibu kila mahali. Injini inayolilia mafuta chini na kutulia juu kwa kawaida inavuta hewa isiyopimwa, kwa sababu throtali (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga) ikifungwa, manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa) hunyonya kwa nguvu, na tundu dogo tu linatosha kuharibu hesabu.

Saa 2:00. Mashine ya moshi. Kijana wangu anaziba njia ya hewa baada ya filta, tunasukuma moshi taratibu, tunainama na tochi. Dakika chache hakuna kitu. Kisha unachungulia uzi mwembamba kutoka chini ya manifoldi, kwenye mpira unaorudisha mvuke wa injini, kati ya manifoldi na vali yake. Mpira umekauka kwa joto na oili. Nikiukunja kwa dole gumba, ufa unafunguka kama mdomo wa samaki.

Ufa wa aina hii ni mnafiki. Gari likisimama, unaingiza hewa ambayo sensa haikuihesabu, kwa hiyo mafuta yanapungua. Turbo ikijaa, manifoldi inageuka kuwa na shinikizo, na ufa uleule unatoa nje hewa ambayo tayari imehesabiwa. Kompyuta inamwagia mafuta hewa ambayo haipo tena, na mafuta yanazidi.

Saa 4:00. Mpira mpya umefungwa, kumbukumbu ya trimu imefutwa. Chini inasoma +2. Kijana ananiuliza kama tupeleke gari kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za gari, sasa. Namwambia hapana, tufungue ramani kwanza, na ndani yake nakuta nilichokihofia. Fundi aliyetangulia aliona mafuta yanazidi turbo ikijaa, akapunguza namba za sensa ya hewa kule juu mpaka usomaji ukapendeza. Alikuwa ameuziba ufa kwa hesabu. Sasa ufa haupo lakini hesabu ipo, na mtu akikanyaga hadi mwisho injini itakuwa na kiu ya mafuta mahali pabaya kuliko pote. Narudisha sehemu kubwa ya namba hizo. Zilizobaki nitazimalizia kwa kupima.

Saa 7:00 mchana. Ugali na madondo kibandani. Simu inaita kutoka Mombasa: mteja wa Corolla yenye injini ya 4A-GE ya vali 20 na kompyuta ya kubandika, si ile ya kiwandani, anasema tangu ashuke pwani gari linakwama likikanyagwa. Ramani yake inasoma mahali throtali ilipo na mizunguko tu. Nairobi, mita kama 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa ni kilopaskali 83 hivi. Mombasa ni 101. Kwa throtali ileile silinda inapata hewa nyingi zaidi na mafuta ni yaleyale. Namwambia asikanyage hadi nimtumie ramani yenye marekebisho ya shinikizo. Subaru ingelipima tofauti hiyo yenyewe.

Saa 9:00 alasiri. Daino tunakodi kwa saa. Mikanda inakazwa, feni kubwa mbele, sensa yangu ya lambda kwenye bomba la ekzosi. Gia ya nne, shinikizo la turbo likiwa chini kabisa. Kwenye mizunguko 4,500 naona kilo 12.6 za hewa kwa kilo ya petroli, naachia mguu papo hapo. Nataka 11.2 kwa turbo hii na petroli ya kituoni, kwa kuwa gari la Japani limepangiwa petroli ya oktani ya juu kuliko yetu, na mafuta ya ziada hupoza chumba cha moto. 12.6 gawanya kwa 11.2 ni 1.125, kwa hiyo naongeza asilimia 12.5 eneo lile. Mkanyago unaofuata: 11.3. Masikioni hakuna noki, ule mlio wa mafuta kulipuka vibaya. Napandisha turbo kidogo kidogo.

Jamaa amefika na anataka ipande zaidi. Namwonyesha skrini: injekta, zinazonyunyizia mafuta, ziko wazi asilimia 88 ya muda. Mimi husimama kwenye 85, basi nairudisha turbo chini. "Lakini fundi, wengine huenda hadi mia." Wanaenda, na pistoni zao huwa zinakuja kwangu.

Saa 12:00 jioni. Tunazunguka Enterprise Road, yeye akiendesha, mimi na laptopu mapajani. Trimu zinacheza kati ya -2 na +3. Ananiuliza kama naweza kuweka ile milipuko ya moto kwenye ekzosi. Nakataa, analipa kwa M-Pesa, namwambia arudi baada ya tangi mbili za petroli nisome kumbukumbu tena. Bado sijaianza ramani ya Corolla ya Mombasa.