Mkebe, kijiko na maji ya Nakuru

Siku ya nne baada ya kujifungua, mizani ya wodi ilionyesha kwamba mwanangu, aliyezaliwa na kilo 3.1, alikuwa amepungua gramu 380. Mimi ni mhasibu, na hata nikiwa nimelala na dripu mkononi sikushindwa kukokotoa: zaidi ya asilimia 12. Watoto wachanga karibu wote hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wao kabla ya majuma mawili kwisha, lakini upungufu unaopita asilimia 10 humfanya muuguzi makini asimame na kuuliza mtoto anapata nini. Wangu alikuwa hapati kitu. Alinyonya kwa bidii ya kusikitisha, ilhali matiti yangu yalikuwa laini vilevile kama yalivyokuwa kabla ya ujauzito.

Sababu nilikuja kuijua miezi saba baadaye. Nilikuwa nimevuja damu nyingi sana mara baada ya kuzaa, hata nikaongezewa chupa nne. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, pituitari, ambayo hunenepa wakati wa ujauzito na hivyo kuhitaji damu zaidi. Mama akivuja damu na shinikizo lake likashuka ghafla, sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa. Nayo ndiyo inayotoa prolaktini, homoni inayoyaamuru matiti yatengeneze maziwa. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Sheehan, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyo hiyo niliyokuwa nayo: maziwa kutokuja kabisa. Kwa miezi saba nilikunywa uji wa wimbi, supu ya miguu ya ng'ombe na chai ya maziwa kwa kiasi ambacho kingemnyonyesha ndama, huku nikihisi baridi Nakuru nzima ikiwa na jua, nikichoka kwa kupanda ngazi kumi, na hedhi haijarudi. Vipimo vya homoni vilipofanywa hatimaye, ilidhihirika kwamba hakuna uji ambao ungesaidia.

Nasisitiza hali yangu si ya kawaida. Akina mama wengi wanaoambiwa, au wanaojiambia, kwamba hawana maziwa ya kutosha huwa nayo, na wanachohitaji ni mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kumshika mtoto, kumnyonyesha mara kwa mara na kukamua, wala si mkebe wa maziwa ya unga. Lakini wapo wasioweza: waliokatwa matiti yote kwa sababu ya saratani, walio katika matibabu ya kemikali, mtoto aliyefiwa na mama yake, na mtoto mwenye galaktosemia, ambaye mwili wake hauwezi kuivunja sukari iliyomo katika maziwa hata yakiwa ya mama. Ninawaandikia hao, na wale wanaowauguza.

Ukutani mwa wodi ile palikuwa na mabango matatu yanayosifu maziwa ya mama, na kila neno lililoandikwa hapo lilikuwa la kweli. Usiku huo wa nne muuguzi wa zamu aliniinamia sikioni akasema, “Mama, mwambie baba mtoto anunue mkebe, lakini usiseme ni mimi nimekwambia.” Mume wangu, ambaye ni mwalimu na mtu wa kufuata kanuni, aliuleta mkebe ukiwa umefungwa kwa gazeti kana kwamba amebeba chang'aa. Tukayasoma maelekezo kwa tochi ya simu. Hakuna aliyetuonyesha jinsi ya kupima, na asubuhi hakuna aliyeuliza kama tulipima sawa.

Baadaye nilitafuta kujua kama muuguzi yule alikuwa na sababu ya kuogopa. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti vibadala vya maziwa ya mama, iliyojengwa juu ya kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981. Inakataza kutangaza maziwa ya mkebe na kugawa sampuli za bure, na naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu ninajua ni familia ngapi zingehadaiwa na picha ya mtoto mnene. Hata hivyo kanuni hiyo ya 1981 haimzuii mhudumu wa afya kumfundisha mama mwenye haja. Inasema waziwazi kwamba matayarisho ya maziwa hayo yaonyeshwe na mhudumu wa afya, kwa mama au ndugu wanaoyahitaji, pamoja na hatari za kuyatumia vibaya. Mnong'ono ule, kwa hiyo, haukuwa sheria. Ulikuwa mazoea tu, na mazoea hayo yalituacha wawili tusiojua lolote tukiwa na mtoto wa siku nne na kijiko cha plastiki.

Haya basi ndiyo niliyotamani kuonyeshwa. Unga wa maziwa ya watoto haujaondolewa vijidudu vyote kiwandani, na unaweza kubeba bakteria kama Cronobacter, ambao ni nadra lakini wanaweza kumuua mtoto mchanga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka unga uchanganywe na maji ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, yaani maji yaliyochemshwa na kuachwa kwa muda usiozidi nusu saa. Sisi tulifanya kinyume: tulichemsha maji asubuhi, tukayaacha yapoe, tukayatumia mchana kutwa, tukiamini kwamba tumekwisha kuwa wasafi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94, si 100, kwa hiyo kikombe kimoja cha maji katika asubuhi ya Julai hupoa upesi kuliko anavyodhani aliyeandika maelekezo ya mkebe. Nilinunua kipimajoto cha jikoni. Maji hutangulia kuingia katika chombo kilichochemshwa, yakapimwa, ndipo unga ufuate. Kisha chombo hupozwa kwenye beseni la maji baridi, na tone moja hujaribiwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa na kukaa nje hayatumiki baada ya muda wa saa mbili kupita, na yale ambayo mtoto ameyaacha humwagwa hata kama moyo unauma.

Kuhusu kiasi, mtoto mwenye afya baada ya juma la kwanza huhitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, akianzia takriban 60 siku ya kwanza na kupandishwa polepole. Mtoto wa kilo 3 hupata basi mililita 450, ambazo zikigawanywa katika milo minane ni kama 55 kila mara. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu, kwa maana tumbo la mtoto si daftari, na wangu alikuwa na milo ya mililita 30 na mingine ya 80. Nilichojifunza kuamini zaidi ni nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na mstari wa kitabu cha kliniki unaopanda.

Chupa nayo ina mashaka yake. Chuchu ya mpira na shingo nyembamba ya chupa huficha mabaki ya maziwa, na mahali ambapo maji ni ya kununua kwa mtungi hakuna anayeweza kuosha na kuchemsha vyombo vinane kwa siku bila siku moja kuruka. Kikombe kidogo kilicho wazi husafishika kwa sabuni na maji moto, na mtoto mchanga, hata aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kukitumia: unamketisha akiwa ameinuka mapajani, unakigusisha kikombe kwenye mdomo wake wa chini, maziwa yafike ukingoni, kisha unamngoja ayarambe mwenyewe. Kosa ni kummiminia. Mara ya kwanza nusu ya maziwa iliishia shingoni mwake nami nikalia. Kufikia siku ya tatu alikuwa anarambaramba kama paka. Nilimlisha akiwa kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, nikabadilisha upande katikati ya mlo, kisha nikampigapiga mgongoni mpaka apige mbweu.

Mama mkwe alifika kutoka Molo juma la pili akiwa na lita tano za maziwa, na alitangaza kwa fahari kwamba ni ya ng'ombe mmoja. Wasomaji wa huku kwetu wanaijua imani hiyo: kwamba maziwa yaliyochanganywa ya ng'ombe wengi humvuruga mtoto, lakini ya ng'ombe mmoja ni sawa na ya mama. Nilimjibu kwa adabu, “Asante, mama, haya tutayanywa sisi,” na moyoni nilikuwa sina hakika. Sasa ninayo. Maziwa ya ng'ombe, awe mmoja au kumi, yana protini na chumvichumvi nyingi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza kuhimili, yana madini kidogo mno ya chuma, na yanaweza kuyafanya matumbo yake yavuje damu kidogo kidogo bila kuonekana. Kuyaongeza maji hakuyageuzi kuwa chakula cha mtoto. Maji ya glukosi na asali hayana nafasi kabisa, asali hasa, kwa kuwa inaweza kumtia sumu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Wifi yangu alijitolea kumnyonyesha, naye alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Lilikuwa wazo jema kuliko tulivyolipokea, na kama wote wawili tungelichukulia kwa uzito, pamoja na kipimo cha VVU kwanza, huenda lingetupunguzia mengi. Benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019, iko mbali nasi na huwalenga watoto walio wadhaifu zaidi, wale waliolazwa.

Jirani mmoja alipouona mkebe dirishani alimwuliza mwingine, naye huyo akanifikishia, kama nina virusi. Zamani mkebe ulikuwa na maana hiyo. Mwongozo umebadilika: leo mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri hushauriwa anyonyeshe, na miongoni mwa tafiti zilizoijenga njia hiyo ni ule uliofanyika Kisumu kuanzia 2003, ambapo akina mama walipewa dawa tangu mwishoni mwa ujauzito na katika miezi sita ya kunyonyesha. Nilikuwa nimeshutumiwa, kwa maneno mengine, kwa ushahidi uliopitwa na wakati.

Gharama inabana kuliko aibu. Mkebe wa gramu 400 hutoa takriban lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 4 anayekunywa mililita 600 kwa siku humaliza mkebe kwa siku tano, yaani mikebe sita kwa mwezi. Hapo ndipo mkono hushawishika kupunguza kijiko. Niliwahi kufanya hivyo kwa siku mbili, mwezi wa pili, mshahara ulipochelewa, nikijiambia kwamba robo ya kijiko si kitu. Mtoto anayepewa maziwa mepesi hulala njaa na tumbo limejaa, uzito husimama, na chumvi katika damu yake inaweza kushuka hadi akapata degedege. Kuongeza unga nako ni hatari kwa upande wa pili, kwani humkausha maji. Tuliuza redio.

Jambo ambalo hakuna mkebe wala bango lililolitaja ni maji yenyewe. Tunaishi upande wa Lanet, na maji ya nyumba yetu yalitoka kisimani, yaliyo meupe na matamu, ambayo tuliyachemsha kwa uaminifu. Mtoto alipofika miezi mitano, shemeji yangu anayefanya kazi maabara alituuliza tunachanganya maziwa kwa maji gani, akachukua chupa moja akaenda nayo. Floraidi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa meupe au ya kahawia, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ndiyo inayoitoa, na meno ya kahawia ya wazee wengi wa huku ni saini yake. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki huzidi kukolea. Mtoto anayenyonya titi hupata floraidi kidogo sana hata kama mama yake anakunywa maji hayo hayo, ilhali anayekunywa maziwa ya mkebe hupewa karibu yote yaliyomo kisimani, mara nane kwa siku, wakati meno yake ya ukubwani yanaanza kuundwa ndani ya ufizi. Tulihamia kwenye maji ya mvua, na baadaye tukapata kichujio cha mkaa wa mifupa, cha aina ambayo mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru umekuwa ukiitengeneza kwa miaka mingi.

Mwanangu ana miaka sita sasa na ni mrefu kuliko binamu zake walionyonya. Mwezi uliopita jino lake la kwanza la mbele la ukubwani lilichomoza, nami nikalikagua kwa tochi ya simu, kama tulivyoyasoma maelekezo usiku ule. Ncha ndiyo hutangulia kuundwa, katika miezi ya kwanza ya maisha, na kwenye ncha hiyo kuna mstari mwembamba mweupe kama chaki. Chini yake jino ni safi.