Siku moja na ubao wa kazi, Uyole

Saa 12:30 asubuhi. Baridi ya Julai hapa Mbeya inang'ata. Kabla ya chai nafungua Trello, programu ya simu yenye ubao wetu wa kazi, halafu ndiyo kikundi cha WhatsApp. Zamani nilianza na kikundi, nikazama kwenye meseji mpaka saa 3 bila kujua nani anafanya nini.

Ni mratibu wa kampuni ndogo ya ujenzi. Tuna saiti tatu: Uyole, Mbalizi na Tukuyu. Kila kazi ina kadi yake, na ubao wetu una safu tatu tu: Bado, Inafanyika, Imekwisha. Tulianza na tisa. Mafundi wakashindwa kujua kadi waiweke wapi, wakaacha kuigusa.

Saa 2. Nashuka daladala Uyole. Kadi ya "Kutoa mirunda ya slabu" imegeuka nyekundu, maana tarehe imepita. Bosi ameshapiga: "Mbona tumechelewa?"

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Hiyo simu iweke mfukoni kwanza. Njoo ushike hapa."

Naingia chini ya slabu, kati ya mirunda, naweka kiganja kwenye zege. Baridi kama jiwe la mtoni.

"Siku mlizoandika humo ni za Dar," ananiambia.

Ni kweli. Ratiba tuliinakili kutoka mradi wa Dar es Salaam. Zege hukomaa kwa saruji kuungana na maji, na ubaridi huchelewesha kazi hiyo. Kadi ilihesabu siku tu. Naongeza 7, naweka picha, naandika sababu na jina la fundi aliyekataa mirunda itolewe. Sababu lazima iandikwe. Tarehe ikisogezwa kimyakimya, wiki ijayo tutagombana upya.

Saa 7. Ugali, maharage, parachichi. Tukuyu mvua, mtandao hakuna, kadi zao zimelala tangu jana. Napiga simu, dakika nne nimemaliza.

Saa 9. Kikao. Kadi ya Mbalizi inasema "Plasta imekwisha", lakini kwenye picha ukuta wa nyuma ni tofali tupu. Kadi ilikuwa na majina matatu, kila mmoja akadhani mwenzake ameshapita huko. Nafuta mawili. Limebaki moja, na mwenyewe amekubali mbele ya wote.

Ubao wa namna hii, kanban, ulikuzwa viwandani kwa Toyota huko Japani, na kule kadi ilisafiri pamoja na vipuri vyenyewe. Yetu imekaa kwenye simu, zege liko Uyole. Ndiyo maana sikubali kadi ihamie Imekwisha bila picha ya siku hiyohiyo.

Saa 11. Bosi amesoma maelezo ya slabu. Amejibu: "Sawa, tusubiri."

Saa 12 jioni. Fundi hapendi kuandika, ametuma sauti: "Slabu nimeimwagilia, nimefunika na magunia. Kesho asubuhi tena." Nayaandika kwenye kadi kama alivyoyasema, kwa jina lake.